"Ni Kweli" ya Kizimbani Isikudanganye

Wasaidizi wa kisheria wapya, karibuni kortini. Kila kundi huja na kosa lile lile: kunyamaza mshtakiwa anapojibu "ni kweli" bila kuelewa, na wanaolilipia ni vijana wenye usonji na ulemavu wa akili.

1. Kituoni, omba hali ya kijana iandikwe kwenye OB, daftari la matukio la polisi: dawa na saa zake, kelele au mguso asioustahimili. Mlezi aitwe mapema. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamruhusu aliyekamatwa kuwasiliana na wakili na yeyote ambaye msaada wake unahitajika.

2. Mpelelezi aelezwe kwamba kukwepa macho si dalili ya uongo.

3. Kujibu mashtaka. Hapa ndipo tunapowaangusha. Karani anasoma shtaka mbio mbio, anauliza: "Si kweli au ni kweli?" Kijana, macho kwenye feni, anajibu: "Ni kweli." Inaandikwa kuwa amekiri. Sisi tuko benchi la nyuma, tunaona ametulia, tunanyamaza. Kumbe wengine wenye usonji hurudia tu maneno ya mwisho waliyosikia, na mwenye ulemavu wa akili amejifunza tangu utotoni kwamba akikubali, wakubwa wataacha kufoka. Kimya chetu hicho kimefunga watu.

Basi asubuhi, akiwa bado seli, mwulize jambo dogo: "Umekunywa chai au hujanywa?" Baadaye geuza: "Hujanywa au umekunywa?" Jibu likifuata neno la mwisho, mwambie wakili au karani kabla hakimu hajaingia. Aulizwe: "Ulifanya nini?" kisha asubiriwe, hata sekunde kumi. Na akishakiri, bado kuna mlango: kwa utaratibu wa kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri (1973), maelezo ya tukio husomwa naye hupewa nafasi ya kuyapinga. Akiyapinga, jibu hubadilishwa kuwa la kukana. Wengi wenu wakati huo mko nje mnapiga simu. Rudini ndani!

4. Kifungu cha 50(7) cha Katiba kinairuhusu korti kumpa mshtakiwa mtu wa kati wa kumsaidia kuwasiliana. Wakili aombe mapema.

5. Msikimbilie kuomba apelekwe Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili ya Nairobi. Usonji si ugonjwa wa kulazwa ukapona, na akionekana hawezi kujitetea kwa sababu ya akili, kesi husimamishwa naye anaweza kubaki ndani. Tafuteni kwanza ripoti ya shule au ya EARC, kituo cha kutathmini mahitaji maalum ya elimu.

6. Tarehe ya kutajwa kwa kesi mwandikieni kwa herufi kubwa: siku, saa, namba ya chumba. "Wiki mbili zijazo" haimfikishi kortini, na asipofika, hati ya kumkamata inaweza kutolewa.