Usiifiche miwani, mwanangu

Mwanangu Zaina,

Ujumbe wako niliusoma mara mbili nikiwa kwenye foleni ya malori Malaba, nikaona nisikujibu kwa simu mbiombio. Unaniuliza kama kwenye fomu ya ufadhili wa mafunzo ya urubani uruke pale wanapouliza habari ya macho, maana wenzako huko Kampala wamekuambia mvaa miwani harushi ndege.

Usiruke. Andika kwamba unavaa miwani.

Hao wenzako wamekosea. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinampima mtu akiwa na miwani yake usoni. Kwa rubani wa biashara, yaani anayelipwa, kila jicho lifike 6/9, yaani lisome kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 9, na yote mawili kwa pamoja 6/6. Ukifika hapo, utatakiwa kuwa na miwani ya akiba karibu nawe kila unaporuka. La kuliangalia zaidi ni rangi, na hilo miwani haitibu. Nenda kwa daktari wa macho wiki hii akufungulie kile kitabu cha vidoti, chenye tarakimu zilizojificha kati ya nyekundu na kijani. Ujue kabla hujatuma fomu.

Nakwambia kwa uchungu kwa sababu mimi nilificha. Mwaka ule ulipoingia sekondari, macho yangu yalikuwa yameanza kufifia usiku, nikamnyamazia bosi nisije nikanyang'anywa trela. Usiku mmoja, nimepita Naluwerere, nikaona kama kivuli cha mti barabarani. Kilikuwa ni kijana na baiskeli, amebeba gunia la mkaa. Nilikanyaga breki mpaka kontena likayumba. Yeye alitumbukia mtaroni akatoka mzima, lakini mkaa ulimwagika lami yote, tukauokota pamoja kwa tochi ya simu, mikono yangu ikitetemeka. Asubuhi yake nilikwenda kupimwa. Sitaki ulijue jambo hili kwa njia hiyo, ukiwa angani.

Kuhusu pesa, waulize ufadhili unalipia saa ngapi za kuruka. Leseni ya rubani binafsi kwa kawaida ni kama saa 40, na hiyo haikuruhusu kulipwa. Ya biashara ni saa 200, au 150 ukisoma kozi moja mfululizo iliyoidhinishwa. Wakikulipia hizo 40 tu, tukae tuzungumze mapema.

Na pale wanapokuuliza kwa nini unataka kuruka, usiandike habari za ndoto. Ulipokuwa P5, darasa la tano, ulikuwa unashinda kwenye uzio wa uwanja wetu hapa Soroti, ukihesabu ndege ndogo za chuo cha urubani zikigusa lami na kupaa tena. Ukaniuliza mbona leo zinatua kutoka upande mwingine. Sikujua. Ukalitazama lile fuko la kitambaa juu ya mlingoti siku kadhaa, kisha ukaja jikoni ukasema, "Baba, zinatua zikiukabili upepo." Andika hivyo hivyo, pamoja na uzio. Barua ya kukutambulisha mwombe mwalimu wako wa fizikia, si yule mheshimiwa anayemfahamu mjomba wako.

Mama yako anakusalimu sana. Cheti chako cha S6, kidato cha sita, kipo kwa shangazi Jinja. Nitakipitia Alhamisi nikipandisha mzigo, jioni nikuletee pamoja na pesa ya miwani ya pili.

Baba yako