Aprili mbaya haitoshi kumtimua kocha

Kumfukuza kocha wa besiboli kwa mechi 25 mbovu ni pupa. Msimu wa ligi kuu ya Marekani una mechi 162. Washington Nationals mwaka 2019 walifika mwishoni mwa Mei wakiwa wameshinda 19 na kupoteza 31, mashabiki wakitaka kichwa cha kocha wao, Dave Martinez. Wakamaliza na ushindi 93, kisha wakatwaa ubingwa mbele ya Houston katika mechi ya saba ya fainali.

Ila hawakukaa tu wakisubiri bahati. Mchezaji wao Trea Turner alivunjika kidole mapema Aprili, na hilo huwezi kumlaumu kocha. Ugonjwa wenyewe ulikuwa warushaji wa akiba (wanaoingia kumpokea mrushaji aliyeanza), waliokuwa wakiacha uongozi uponyoke mwishoni mwa mechi. Huo ni mzigo wa wanaosajili! Julai wakamleta mrushaji wa akiba Daniel Hudson, na ndiye aliyerusha mpira wa mwisho wa fainali.

Kwa timu yako, wastani wa kupiga usikutishe bado. Kama mipira anayoipiga mtu ikabaki uwanjani inazaa hiti (pigo linalomfikisha salama kituoni) kwa .210 tu, yaani 21 kati ya 100, wakati kawaida ni karibu .300, huo zaidi ni mkosi; mvumilie. Tazama anatolewa kwa straiki tatu (mipira mitatu aliyoshindwa kuipiga) mara ngapi: baada ya zamu 60 hivi za kupiga, kiwango hicho huanza kusema kweli. Kikiruka kutoka asilimia 20 hadi 32, kuna shida.

Kwa warushaji, angalia kasi ya mpira. Ikipungua maili 2 kwa saa, ulizia bega au kiwiko. Lakini linganisha na Aprili iliyopita, si Agosti, maana kwenye baridi wengi hurusha taratibu kidogo.