Kuunda qamutiik, sleji ya mbao, na vijana wa Nunavut: anza na meli, si na msumeno

Programu nyingi za ufundi kwa vijana wa Kiinuit, wenyeji wa asili wa kaskazini ya mbali, hukwama kabla ya siku ya kwanza, na kinachokwamisha ni mbao. Nunavut, eneo la kaskazini mwa Kanada lililopata serikali yake Aprili 1, 1999, lina miji na vijiji 25, na hakuna barabara inayoviunganisha. Mzigo mzito huja kwa meli za kiangazi, takriban Julai hadi Oktoba, barafu ikishaachia. Ndege zipo mwaka mzima, lakini ubao wa futi 14 ni mzigo wa shida kwa ndege ndogo, na hata ukikubaliwa, nauli yake itameza bajeti ya chakula na ya walimu.

Hapo ndipo hesabu za ofisini hugongana na bahari. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Aprili 1. Barua ya mfadhili ikichelewa hadi Agosti, nafasi ya kuagiza mbao kwa meli mara nyingi imekwisha, na fedha lazima zitumike kabla ya Machi 31. Kwa hiyo ombi liandikwe msimu mmoja kabla, na ikiwezekana liwe la miaka miwili: mwaka wa kwanza vifaa, wa pili mafunzo. Njia nyingine ni kuzungumza na duka la ushirika la kijijini liingize mbao zako katika oda yake, nawe ulilipe fedha zikitoka. Mpate makubaliano hayo kwa maandishi.

Sasa kazi yenyewe. Qamutiik ni sleji ndefu ya mbao, yaani chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji na barafu, inayoburutwa na mbwa au, siku hizi zaidi, na pikipiki ya theluji. Ndiyo inayobeba hema, mafuta, chakula na nyama ya mawindo, kwa hiyo kijana anayeijua ana kazi ya maana nyumbani kwao tangu wiki ileile. Kwa sleji moja ya futi 14, agiza mbao mbili za inchi 2 kwa 10 kwa ajili ya miguu yake miwili mirefu inayoteleza, zilizonyooka na zisizo na vifundo vikubwa, na mbao za inchi 1 kwa 4 za kukata mataruma 20 hadi 24 ya kulala juu kwa kukingama. Ongeza mataruma matatu ya akiba, kwa sababu yapo yatakayopasuka wakati wa kutoboa. Agiza pia vipande viwili vya plastiki ngumu ya kuvika chini ya miguu, na kamba ya nailoni ya kutosha: rola ya mita 100 huisha upesi kuliko watu wanavyodhani, chukua mbili.

Mataruma hayapigiliwi misumari. Hufungwa kwa kamba. Barafu ya bahari ina matuta, na sleji yenye mzigo ikianguka kutoka kwenye tuta lazima ipinde kidogo kisha irudi. Msumari hauruhusu hilo; hung'oka au hupasua ubao. Msomaji wa pwani ataelewa haraka, maana ni hoja ileile ya mtepe wa Lamu, chombo kilichoshonwa kwa kamba.

Makosa yanayojirudia ni matatu. Tundu la kupitishia kamba likitobolewa karibu mno na ukingo wa juu wa mguu, ubao hupasuka. Acha kama inchi mbili. Kingo za tundu zisipopigwa msasa, hukata kamba polepole. Na vichwa vya skrubu vya ile plastiki visipozamishwa ndani, hukwaruza barafu na sleji huwa nzito kuivuta. Pima pia mlango wa karakana kabla ya kuanza, na nafasi ya kugeuzia nje yake. Sleji iliyokamilika isiyoweza kutoka ndani huvunja moyo wa darasa zima.

Vijana wasizidi wanane kwa wazee wawili. Wainuit wana neno pilimmaksarniq, yaani kupata ustadi kwa kutazama, kuongozwa na kurudia kwa mikono. Lifuateni kama lilivyo. Mzee afunge taruma la kwanza kimya, kijana afunge la pili, likilegea alifungue mwenyewe. Karatasi za maelezo zije baadaye, au zisije kabisa. Hesabu inajitokeza yenyewe: ukigawanya futi 14 kwa mataruma 22 na nafasi kati yake, umeshafundisha sehemu na desimali. Shirika la Ilitaqsiniq la hapo Nunavut limefanya hivyohivyo kwa ushonaji katika programu yake ya Miqqut, jina lenye maana ya sindano: kusoma na kuandika vimefumwa ndani ya kazi ya mikono.

Wazee walipwe kwa wakati, na kiwango kijulikane kabla hawajakubali. Wao ndio walimu wakuu wa programu hii. Kuwapa zawadi ndogo huku mtaalamu aliyetoka kusini mwa Kanada analipwa kwa siku ni kuwadharau, na kijiji kizima kitajua. Awepo mkalimani wa Kiinuktitut pale vijana wanapokisikia nusunusu, lakini asimfunike mzee. Chakula cha mchana kiwepo kila siku bila kukosa. Pakipatikana samaki wa kienyeji au nyama ya karibu, mahudhurio yatakuonyesha tofauti. Kwa vijana wenye watoto wachanga, tengeni fedha za mlezi tangu mwanzo.

Amueni mapema sleji itakuwa ya nani. Ikibaki mali ya ofisi, itaozea nyuma ya jengo. Ni heri vijana wawili waunde moja na waimiliki, au waipeleke kwa familia isiyo nayo, waichague wenyewe.

Safari ya kwanza iwe fupi, na mzigo nusu. Nailoni hulegea ikishalowa na kuvutwa, kwa hiyo mkirudi kila kijana akague mafundo yake na kuyakaza upya siku hiyohiyo, kabla sleji haijapakiwa tena.