Dawa za kila mwezi kwa GP: usisubiri kidonge cha mwisho

Jamani leo naongea na wenzangu mlioko huku Uingereza, hasa nyie wa presha, sukari, tezi, pumu, hizi dawa ambazo ukianza umeanza. Mimi nina sukari na presha vyote viwili, naishi Leicester, na kilichonisumbua mwanzoni kuliko hata ugonjwa wenyewe ni kuhakikisha dawa hazikatiki, manake nyumbani nilizoea unaenda famasi na boksi lako la zamani, muuzaji analiangalia, anakupa lingine, unalipa unaondoka. Huku hakuna hiyo. Hata metformin ya kawaida hupewi bila cheti cha daktari.

Kuna Pasaka moja niliishiwa. Alhamisi usiku nachukua kidonge cha presha nakuta vimebaki viwili, nikasema kesho asubuhi napiga simu kwa GP, yaani daktari wa kliniki ya mtaa niliyojiandikisha, yaishe. Kesho ndo Ijumaa Kuu! Yaani wamefunga Ijumaa, wikiendi kama kawaida, na Jumatatu ya Pasaka huku nayo ni sikukuu, kwa hiyo siku nne nzima simu inalia tu. Jumapili sina hata kimoja na kichwa kinagonga. Kilichoniokoa ni 111, ile huduma ya msaada ya NHS (huduma ya afya ya serikali huku), unaingia kwenye tovuti yao unaeleza dawa gani imekuishia, wakanielekeza famasi iliyokuwa wazi siku ile, mfamasia akaangalia rekodi yangu kwenye kompyuta akanipa vya siku chache. Hiyo kitu shikeni, maana wengi wetu hatuijui tunakaa nyumbani tunavumilia. Ila ni ya dharura, usiifanye ndo utaratibu wako.

Sasa utaratibu wenyewe. Oda yako inapita mikono kadhaa na kila mkono una siku zake. Ukioda, kwa GP wanataka siku mbili za kazi, hapo Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi, daktari au mfamasia wa pale kliniki akishapitisha inatumwa kwa kompyuta mpaka famasi uliyoichagua, na famasi nao wanataka siku mbili tatu kuandaa, na kama dawa haipo shelfuni wanaagiza kwanza. Ndo maana mimi naoda zikiwa zimebaki za siku 7, na karibu na Krismasi au Pasaka nawahi zaidi kidogo. Ukiwahi mno nako wanaweza kuikataa, wanaona bado unazo.

Alafu usihesabu kwa tarehe. Boksi la presha lina vidonge 28, sio 30. Ukijiwekea kila tarehe 5 naoda, kila mwezi unapungukiwa siku mbili tatu na hujui zinapotelea wapi. Kwa mwaka ni mara 13, sio 12. Mimi nahesabu kwa vidonge vyenyewe: boksi langu lina karatasi mbili za vidonge 14, kila karatasi ina mistari miwili ya saba saba, nikifika mstari wa mwisho wa karatasi ya pili basi jioni ile ile nafungua app ya NHS naoda. Sihitaji kalenda. Na kama dawa zako zinaisha siku tofauti tofauti, mwambie mfamasia, waombe kwa GP wazilinganishe ziwe zinaisha pamoja, utapumzika sana.

App ya NHS ndo rahisi kuliko zote, unatiki dawa unatuma hata saa sita usiku. Tiki unazohitaji tu, usitiki zote kwa mazoea ukarundika kabatini, dawa ikishatoka famasi hata ukiirudisha haijafunguliwa wanaitupa. Kwa wazee wasiotumia simu kubwa, ile karatasi ya cheti ina upande mweupe wa kulia wenye orodha ya dawa, unatiki unaipeleka mapokezi. Kwa simu kliniki nyingi hawapokei oda. Na kama una mama au baba hapo nyumbani, uliza kliniki wakupe ruhusa ya kumuodia kupitia app yako, sio kutumia password yake kienyeji.

Kitu kingine kilichonipata: nilituma oda, siku tano baadae naenda famasi, hamna kitu. Kumbe tarehe ya kupitiwa dawa ilishapita, lazima waniangalie presha na damu kwanza ndo wapitishe, na mimi sikurudi kwenye app kuangalia kama imekubaliwa. Angalia ile tarehe, weka miadi mapema. Kama hali yako imetulia, waulize kuhusu vyeti vya kurudiarudia, GP anapitisha hata vya mwaka mzima, wewe unaenda famasi moja kwa moja.

Na pesa jamani, hapa naumia. England ni pauni 9.90 kwa kila dawa, bei iliyoanza Mei 2024, na mimi nililipia dawa mbili miezi mingi wakati mwenye sukari anayetumia dawa halipi kabisa! Lakini haiji yenyewe, unaomba fomu kwa GP, wanakupa cheti cha msamaha cha miaka mitano, na kinasamehe dawa zako zote sio za sukari tu. Tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango na inahitaji dawa nayo imo. Presha peke yake haimo, pumu haimo, nyie nunueni ile kadi ya kulipia kabla, pauni 114.50 kwa mwaka, ukiwa na dawa mbili kila mwezi umeokoa zaidi ya mia. Wenye miaka 60 na kuendelea bure. Walioko Scotland na Wales hawalipi hata senti. Tafadhali usitiki kwamba umesamehewa kabla cheti hakijatoka, faini yake inafika pauni 100.

Ukienda nyumbani, ongea na kliniki wiki nne kabla, wanaweza kukupa za kutosha safari fupi, mwisho huwa miezi mitatu. Ziache kwenye maboksi yake yenye jina lako, chukua na kopi ya orodha, na ziwe kwenye begi la mkononi. Mimi sanduku langu lilibaki njiani siku mbili, dawa nilikuwa nazo mapajani.