Kusoma nuru ya gesi inayozizingira galaksi za mbali

Anayetaka kuchunguza gesi inayotoka kwenye galaksi namshauri aanze na data zilizo wazi kwa umma kwenye hifadhi ya ESO, shirika la Ulaya la uchunguzi wa anga, hasa za MUSE, kifaa kilichofungwa mwaka 2014 kwenye VLT, darubini kubwa ya shirika hilo, huko Paranal, Chile. Nimezifanyia kazi kwa muda mrefu na ninazipenda kwa sababu kila nukta ya picha ina spektra yake, yaani nuru iliyopangwa kwa urefu wa wimbi, takriban spektra 90,000 kwa mkupuo mmoja.

Usitegemee picha ya mwanga wote. Utando wa hidrojeni unaoizunguka galaksi ni hafifu mno, lakini hung'aa katika mstari wa Lyman-alfa, yaani nuru mahususi inayotolewa na atomu za hidrojeni, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 121.6, ambao kwa galaksi yenye mjongeo mwekundu wa 3, yaani iliyo mbali kiasi kwamba kupanuka kwa ulimwengu kumerefusha mawimbi ya nuru yake mara nne, hutufikia ukiwa nanomita 486. Jumlisha vipande vyembamba vya data vilivyo karibu na urefu huo, kisha ondoa mwanga wa nyota uliopimwa pembeni mwa mstari.

Hapo wengi hushangilia mapema. Angahewa hutawanya hata nuru ya nyota moja ikawa doa pana, kwa hiyo tafuta nyota kwenye eneo lilelile, pima jinsi nuru yake inavyofifia kutoka katikati kwenda nje, na ulinganishe na galaksi yako. Nisipofanya ulinganisho huo, siuiti mng'ao wowote utando.

Kasi ya gesi inadai subira zaidi. Fotoni (chembe za nuru) za Lyman-alfa hutawanywa tena na tena na atomu za hidrojeni, na zinazoponyoka mara nyingi ni zile zilizosogea upande wa nyekundu, yaani wa mawimbi marefu, hivyo kilele cha mstari huo si kipimo salama. Mimi huamini zaidi mistari ya ufyonzaji ya silikoni na kaboni: gesi iliyo mbele ya galaksi, ikiwa inakuja upande wetu, hufyonza nuru kwenye urefu wa wimbi mfupi kidogo kuliko ule unaotarajiwa. Kwa galaksi hafifu, huna budi kujumlisha spektra za galaksi nyingi ndipo mistari hiyo ijitokeze.

Ili kulizoesha jicho, piga picha ya galaksi ya M82, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 12, kwa kamera yenye kichujio cha hidrojeni-alfa, nanomita 656.3; nyuzi za gesi inayovuma pande mbili za bapa lake hunaswa hata na darubini ndogo. Kwa aliye Nairobi, galaksi hiyo hufika nyuzi 19 tu juu ya upeo wa kaskazini, na mwezi wa Februari, kabla ya masika, hufika hapo karibu saa sita usiku, kwa hiyo chagua mahali pasipo taa wala vilima upande huo.