Kijiti kikizimika, si lazima iwe kabonidayoksaidi

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini mwalimu amekukata alama, na gesi yako ilizima kijiti cha moto ukaandika kabonidayoksaidi. Mwalimu kasema kweli. Naitrojeni nayo inazima kijiti, na ndiyo karibu asilimia 78 ya hewa unayovuta. Kuzima moto kunakwambia tu kuwa gesi hiyo si oksijeni. Kinachokupa jina ni maji ya chokaa.

Nimefanya kazi maabara ya skuli huku Pemba miaka mingi, na dawa zikiisha tulijitengenezea. Chukua chokaa ya kujengea, ile ya matumbawe yaliyochomwa tanuuni, lakini iwe mpya. Ya gunia lililokaa wazi haifai, imeshanyonya kabonidayoksaidi ya hewani ikarudi kuwa mawe. Koroga vijiko viwili kwenye lita ya maji baridi, ilaze usiku. Nyingi itabaki chini, usishangae: lita moja haiyeyushi hata gramu mbili, na maji ya moto huyeyusha pungufu ya hapo. Asubuhi mimina taratibu yale maangavu ya juu, ufunge kizibo barabara. Na linda macho, chokaa inaunguza.

Sasa tia vipande vya tumbawe kwenye siki, gesi uipitishe kwa mrija hadi ndani ya maji yako. Yatakuwa meupe kama tui. Ukizidi kuipitisha yataangaza tena, na hapo ndipo wanafunzi wengi hufuta jibu wakidhani wameharibu. Hakuna kilichoharibika! Ule weupe ni kalsiamu kaboneti, na gesi ikizidi unageuka haidrojenikaboneti, ambayo inayeyuka. Yaandike yote mawili, mtahini atafurahi.

Kuna mtego mmoja: salfadayoksaidi nayo huyafanya maji ya chokaa kuwa meupe. Ila hiyo itakukereketa pua mapema, kabonidayoksaidi haina harufu.

Gesi nyingine ni rahisi kuzitambua. Oksijeni huwasha tena kijiti kilichobaki kaa jekundu. Sisi tuliipata kwa peroksaidi ya duka la dawa na hamira kidogo. Haidrojeni hutoa mlio mfupi ukiisogezea moto mdomoni mwa tyubu, na iwe tyubu ndogo uliyokusanyia gesi. Usiwashe kamwe kwenye chupa ambayo asidi na zinki bado zinachemka ndani yake. Amonia hugeuza litimasi nyekundu iliyoloweshwa, ile karatasi ya kupimia asidi na besi, kuwa buluu.

Klorini huifuta kabisa rangi ya litimasi iliyoloweshwa, lakini hiyo iachie maabara yenye mwalimu. Nimesikia watoto wakisema watachanganya dawa ya kung'arishia nguo na ile ya choo yenye asidi ili "waione". Gesi hiyo inachoma mapafu, na chooni kwenye kidirisha kimoja hamna pa kukimbilia.