Mafundi Wanajibu: Filta ya oili kwa injini ya gari la spoti

Kuna filta tatu zinazoingia kwenye gari langu bila shida. Injini ni ya silinda nne, ina turbo, na mara kwa mara naipandisha hadi RPM (mizunguko kwa dakika) 7,000. Nitaijuaje iliyo bora, mbali na rangi ya kopo na jina la kampuni?

Kuingia ni sharti la kwanza tu, tena ndilo jepesi. Yaliyobaki yamefichwa ndani ya kopo, kwa hiyo tafuta kwanza karatasi ya vipimo ya mtengenezaji. Humo unasaka mambo mawili: uwezo wa kunasa uchafu, na presha inayofungua valvu ya baipasi, ile inayopitisha oili bila kuchujwa filta inapoibana. Kampuni isiyotaka kutaja hata kimoja, sisi huipita.

Uwezo wa kunasa hutajwa kwa asilimia na ukubwa wa chembe kwa pamoja, na kipimo kinachotambulika ni ISO 4548-12. "Asilimia 99 kwa maikroni 20" (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) maana yake ni kwamba chembe 100 za ukubwa huo au zaidi zikipita, 99 zinabaki kwenye filta. Wengine hutumia beta, yaani chembe ngapi huingia kwa kila moja inayopenya: beta 2 hunasa nusu tu, beta 20 asilimia 95, beta 100 asilimia 99. Maneno kama "huchuja hadi maikroni 10" bila asilimia hayajakuambia kitu. Hata kitambaa cha shati kitanasa chembe mbili tatu za maikroni 10.

Kwenye injini yako namba hizi zina uzito wa pekee. Utando wa oili unaotenganisha krankishafti (shafti kuu ya injini) na beringi zinazoibeba hubaki maikroni chache tu injini inapobeba mzigo, na shafti ya turbo huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika ikielea juu ya oili hiyohiyo. Chembe usiyoiona kwa macho inatosha kuchora mkwaruzo.

Halafu tazama kinachochuja. Karatasi ya selulosi inalitosha gari la kwenda kazini na kurudi. Kwenye RPM kubwa pampu husukuma oili nyingi, na hapo nyuzinyuzi za sintetiki hushinda: ni nyembamba, zimelingana, kwa hiyo hunasa chembe ndogo bila kuibana sana oili. Mchanganyiko wa selulosi na sintetiki nao unafaa. Sintetiki tupu iwe imeegemezwa na wavu wa waya, la sivyo mikunjo hulaliana presha inapopanda.

Mwisho ishike mkononi. Mulika tochi kwenye tundu la katikati: bomba la ndani liwe limenyooka na matundu yake yawe wazi. Kwenye vitundu vya pembeni utaona raba ya kuzuia oili isirudi. Ikae sawasawa bila kukunjamana. Thredi ziwe safi, bila vinyweleo vya chuma. Gasketi ikae kwenye mfereji wake pande zote. Feki nyingi hujisaliti hapa, au kwenye maandishi ya kopo yanayofutika kwa kidole chenye oili. Uzito usikuhadae: kopo nene huhimili presha, lakini halichuji chochote.

Presha ya oili kwenye gari langu hufika bar 5, na filta ina baipasi ya bar 1. Si ina maana valvu iko wazi muda wote na oili haichujwi?

Hapana. Valvu ya baipasi haifuati presha ya injini, inafuata tofauti ya presha kati ya upande mchafu na upande safi wa filta. Oili ikiingia na bar 5 na kutoka na bar 4.7, valvu inaona bar 0.3 tu, nayo inabaki imefungwa.

Tofauti hiyo hupanda oili ikiwa ya baridi, filta ikianza kujaa, na RPM ikiwa juu. Yakikutana mawili kati ya hayo, valvu hufunguka na beringi hupata oili ambayo haikuchujwa. Wenye injini za BMW M kama S54 na S65, zinazotumia oili ya 10W-60, walizingatie hili zaidi, maana oili hiyo ikiwa baridi ni nzito mno. Na usidanganywe na geji ya maji: maji hupata moto mapema, oili hufuata dakika kadhaa baadaye.

Filta nyingi hufungua baipasi kati ya bar 0.5 na 1.5. Kufaa kwake kunategemea injini. Subaru za injini ya EJ zina pampu inayosukuma oili nyingi, na filta yao ya kiwandani hufunguka kwenye bar 1.6 hivi. Ukiweka ya bar 0.8 itakuwa inafunguka hovyo kila unapokanyaga. Injini nyingine zina valvu hiyo nje ya filta. Porsche 911 za injini ya M96, kwa mfano, huwa nayo kwenye kopo la plastiki linalobeba katriji, yaani filta isiyo na kopo lake yenyewe. Kwa injini ya namna hiyo, filta isiyo na valvu haina kasoro.

Je, filta ya mashindano isiyo na baipasi, au ile ya wavu wa chuma inayooshwa, inafaa kwa barabarani?

Isiyo na baipasi, hapana, iwapo injini yako haina valvu hiyo mahali pengine. Timu za mashindano hupasha oili moto kabla ya kuwasha na hubadilisha filta mara kwa mara. Wewe unawasha asubuhi na baridi yake: oili nzito ikikosa njia, ama filta inapasuka ndani ama beringi zinakosa oili.

Ya wavu hupitisha oili kwa urahisi, lakini nyingi huanza kunasa kwenye maikroni 30 au zaidi, na ukiiosha vibaya unarudisha uchafu upande safi.

Nikiwasha gari asubuhi linagonga sekunde mbili tatu kisha linanyamaza. Fundi anasema ni filta. Inawezekana?

Inawezekana sana, hasa kama filta imelala ubavu au mdomo wake unatazama chini. Toyota 86 na Subaru BRZ za kizazi cha kwanza, kwa mfano, zina filta iliyosimama juu ya injini kichwa chini. Raba ya kuzuia oili isirudi ikikakamaa, filta humwagika usiku na asubuhi pampu huanza kwa kuijaza. Raba ya nitraili hukakamaa mapema kwa joto kuliko ya silikoni.

Pima hivi: zima injini ikiwa ya moto, iache saa moja, washa. Ikiwa kimya, kisha ikagonga baada ya kulala usiku kucha, badilisha filta kwanza kwa sababu ndiyo rahisi. Ikiendelea kugonga na filta mpya, kagua tenshena ya cheni (kifaa kinachoikaza) na gia za kubadili taimingi ya valvu. Ikigonga hata ikiwa ya moto, acha kuiendesha na upime presha kwa geji ya mkono.

Filta ya gari jingine imeingia kwenye injini yangu ila inacheza kidogo kabla ya kukaza. Niiache?

Itoe leo. Thredi mbili zinazochanganywa sana ni M20x1.5 na 3/4-16. Ya kwanza ina kipenyo cha milimita 20, ya pili 19.05. Filta ya M20 itazunguka kwenye bomba la 3/4 na kuonekana imeshika, kumbe thredi zimegusana kwa ncha tu. Siku oili ikiwa baridi na ukakanyaga, inachomoka yote. Oili humwagika kwa sekunde chache, pengine juu ya ekzosi ya moto.

Filta sahihi huingia kwa mkono bila kucheza. Kabla ya kuifunga, pitisha kidole kwenye uso wa injini: gasketi ya zamani ikiwa imebaki pale, gasketi mbili zitaonekana zimekaza na kuachia ukiwa njiani. Paka gasketi mpya oili safi, zungusha hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko hadi mzunguko mmoja, au kama ilivyoandikwa kwenye kopo. Spana ya filta ni ya kufungulia.

Na kopo refu zaidi? Sawa, kama thredi, gasketi na baipasi ni zilezile, halitagusa ekzosi na halitaning'inia chini ya kinga ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Ongeza oili kufuata alama ya dipstiki.

Nijaze filta oili kabla ya kuifunga?

Ikikaa mdomo juu, ndiyo, lakini mimina taratibu kwenye vitundu vya pembeni. Tundu la katikati ni upande safi. Vumbi lililoko kwenye mdomo wa galoni likipitia hapo linakwenda beringini moja kwa moja.

Injini yangu hutumia katriji. Kuna la ziada la kuangalia?

Oringi, yaani pete za raba za kuziba. Tumia zile zilizokuja na filta, na weka kila moja kwenye mfereji wake. Oringi ikikaa mfereji wa jirani, kifuniko kitaziba kwa muda tu. Vifuniko vyenye kijiti cha katikati mara nyingi vina oringi ndogo nchani, ambayo husahaulika: oili huvuja ndani kwa ndani na nje huoni tone. Kaza kwa spana ya torki. Vifuniko vingi vya plastiki vimeandikwa 25 Nm, na vikizidishwa hupasuka.

Baada ya siku ya uwanja wa mbio, kuna maana ya kuipasua filta?

Kubwa kuliko kuitazama oili. Usitumie msumeno, maana vumbi lake la chuma litachanganyika na unachokitafuta. Tumia kikatio cha filta, kinachofanya kazi kama cha kukatia mabomba. Kata mikunjo kwa kisu, ibane kwenye jiliwa oili itoke, ikunjue juani na uizungushe polepole.

Pitisha sumaku. Kinachonata ni chuma: gia, cheni, kemshafti. Kinachong'aa kama fedha na hakinati ni alumini au tabaka la juu la beringi. Vipande vyeusi vinavyovunjika kwa kucha ni masizi ya oili, na vya plastiki mara nyingi vimetoka kwenye reli za cheni. Vumbi jepesi kwenye injini mpya si ajabu. Ukiona vipande vyenye rangi ya shaba, beringi imeliwa hadi tabaka la pili: usiwashe tena, fungua sampu ukague kwanza beringi za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na krankishafti).